Ulezi ni Dhamana, si Milki

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, walimu wakuu hukutana na jambo moja ambalo halimo katika mtaala wala katika waraka wowote wa elimu. Mbele ya meza ya mwalimu husimama mtoto wa miaka sita au saba, ameshikwa mkono na bibi yake, au mama mdogo, au mjomba. Uandikishaji huendelea vizuri mpaka panapofikiwa mahali pa kuandika jina la baba na anwani yake. Hapo mlezi hutazama chini. Mwalimu huuliza, "Yuko wapi?" Hujibiwa, "Hatujui, mwalimu." Nafasi ile huachwa wazi, au huandikwa jina la mjomba, na mtoto huingia darasani.

Siku ile jambo hilo huonekana dogo. Huanza kuwa kubwa siku mtoto anapolazwa hospitali na daktari akauliza ni nani mwenye mamlaka ya kutoa idhini ya kumpasua. Siku anapopata nafasi ya kusafiri nje ya nchi na ikatakiwa ridhaa ya wazazi. Siku mama aliyemlea peke yake anapofariki, na yule baba ambaye hakuonekana kwa miaka kumi na miwili akatokea matangani katika kanzu iliyopigwa pasi, akidai kuwa yeye ndiye mzazi aliyebaki, na kwa hiyo mtoto pamoja na mafao ya marehemu viwe mikononi mwake. Na mtoto akiwa wa kike, wapo wasiotokea hata msibani, bali husubiri siku ya kupokea mahari.

Makala haya yanakusudia kusema mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzazi aliyemtelekeza mtoto wake kwa hiari yake asiachiwe kushika mamlaka ya uzazi milele, kana kwamba mtoto ni shamba ambalo mwenyewe alilipanda miti akaondoka. La pili ni kwamba sisi tunaobaki na watoto, hasa watumishi wa umma na walimu, ambao tunajua kusoma na kuandika na ambao ofisi zote zinatufahamu, hatuna udhuru wa kufa bila ya kupanga ni nani atakayewalea watoto hao.

Kutokuwepo kwa mzazi si jambo jipya nchini mwetu. Wakati wa ukoloni wanaume wengi walitoka Kigoma, Songea na kwingineko kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine wakavuka mipaka kwenda kuchimba madini Afrika Kusini. Baadhi yao walirudi na mabati ya kuezekea nyumba. Baadhi hawakurudi kamwe. Lakini mtoto aliyeachwa kijijini hakubaki bila mtu. Alikuwa na babu, baba wakubwa na baba wadogo, shangazi na wajomba, na kila mmoja wao alijua wajibu wake kabla ya kuulizwa. Wazee waliokaa chini ya mti waliweza kuamua katika jioni moja ni nani amchukue mtoto, na uamuzi wao ukaheshimiwa na kijiji kizima. Haikuhitajika hati.

Leo hali ni nyingine. Baba mkubwa yuko Mwanza, baba mdogo yuko Dar es Salaam, shangazi ameolewa Mtwara, na babu amekwisha kufariki. Mtoto anaishi mjini katika nyumba ya kupanga, na majirani hawajui hata kabila lake. Aidha, ofisi zinazoshughulika na maisha ya mtoto huyo, yaani shule, hospitali, uhamiaji, benki na mfuko wa hifadhi ya jamii, haziwezi kuwaita wazee chini ya mti. Zinataka karatasi. Ukoo uliokuwa ngao ya mtoto umetawanyika, na mahali pake pamebaki wazi. Sheria isipopajaza, atapajaza yeyote mwenye sauti kubwa.

Hebu tutazame sheria yenyewe ilivyosafiri. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandika mila za jamii zinazofuata upande wa baba, lilisema kuwa watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Mwanamume aliyezaa nje ya ndoa aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100, kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Nayo sheria ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni, iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kikabaki vitabuni hata fedha hizo zilipokuwa haziwezi tena kununua mkate. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2009. Yafaa tuyakumbuke hayo, kwa sababu yanaonyesha fikra iliyokuwa nyuma yake: mtoto alihesabiwa kama kitu chenye mwenyewe, na swali lilikuwa ni nani mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kuigeuza fikra hiyo. Ilisema kwamba mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza la kutazamwa ni ustawi wa mtoto, na kwamba yasikilizwe pia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii yao. Ilisema kuwa mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikaonya juu ya ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Iliweka vilevile wajibu wa baba kumtunza mtoto hata kama mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine, na wajibu wa mama pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hana uwezo.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009. Hiyo ilitungwa baada ya nchi yetu kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Wenzetu wa Zanzibar nao walitunga sheria yao, namba 6 ya mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, yawe ya mahakama au ya ofisi. Inaorodhesha mambo ambayo mtoto anastahili kupata kwa wazazi wake: uhai, utu, heshima, afya, elimu, makazi na mapumziko. Na inasema pia kwamba wazazi wakifariki, wajibu wa uzazi unaweza kupitishwa kwa ndugu wa upande wowote au kwa mlezi, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila.

Hapo ndipo inapoonekana maana halisi ya mamlaka ya mzazi. Mzazi hapewi mamlaka juu ya mtoto kwa ajili ya nafsi yake. Anapewa ili aweze kutimiza wajibu, kama vile mweka hazina wa chama cha ushirika anavyopewa ufunguo wa sanduku. Mweka hazina akiondoka na kukaa miaka mitano bila ya kuonekana, wanachama hawakai wakisubiri kwa kuwa ufunguo ni wake. Huitisha mkutano na kuchagua mwingine. Yeye akirudi hudaiwa hesabu, wala hapokewi kwa vigelegele.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kutokuwepo ni jambo moja, na kutelekeza ni jambo jingine. Yuko baba anayechimba madini Mererani au Chunya, anayekaa miezi minane bila ya kurudi, lakini kila apatapo hutuma fedha ya sare na ya unga. Yuko mama aliyekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, amemwacha mtoto wa miaka mitatu kwa bibi yake, na kila wiki huongea naye kwa simu mpaka vocha ikaisha. Yuko mzazi aliye kifungoni, na mwingine ambaye akili yake imeugua. Hao hawakuwatupa watoto wao. Mwenye kutumia neno "mzazi aliyetoroka" kwa watu wa namna hiyo anamdhulumu mzazi na anamdhulumu mtoto pia, kwa sababu anamkatia mtoto kamba ambayo bado ina nguvu.

Aliyetelekeza ni yule ambaye anajua mtoto wake yuko wapi, ana uwezo wa kufika au wa kutuma japo kidogo, na hafanyi lolote. Hatumi chakula, haandiki barua, hapigi simu, haulizi kama mtoto amepona surua au amefaulu mtihani. Wapo wanaume wengi wa namna hiyo, na wapo wanawake pia, japo wachache zaidi kwa macho yetu. Kuhusu mtu kama huyo, swali ni hili: je, mamlaka yake yanakwisha lini, na yanakwishaje?

Kwa sheria tuliyo nayo, mlango unaoyafunga mamlaka hayo kabisa ni ule wa kuasili. Mtoto anapoasiliwa kwa amri ya mahakama, haki na wajibu wa mzazi wa awali hukatika, na wa mzazi mpya huanza, kana kwamba mtoto alizaliwa katika nyumba ile. Sheria ya mwaka 2009 iliweka ombi hilo mbele ya Mahakama Kuu, na ikataka ridhaa ya wazazi. Hata hivyo haikumwachia aliyetelekeza kura ya turufu. Mahakama inaweza kuiacha kando ridhaa ya mzazi ikiridhika kwamba amemtelekeza mtoto au amemtesa mara kwa mara, au kwamba hapatikani, au hana uwezo wa kutoa ridhaa, au anaizuia bila ya sababu ya haki. Kwa hiyo baba wa kambo aliyemlea mtoto tangu akiwa na mwaka mmoja, akamsomesha na kumwuguza, hawezi kuzuiwa milele na mtu asiyejulikana alipo.

Milango mingine haifungi kabisa, bali hupunguza. Ndugu anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama amri ya kukabidhiwa malezi. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuomba amri ya kumwondoa mtoto katika hatari, ambayo humpa yeye mamlaka ya mzazi kwa muda usiozidi miaka mitatu. Katika hali zote hizo mzazi wa awali hubaki mzazi, na wajibu wake wa matunzo hubaki.

Ni katika jambo hili la mwisho ambapo wananchi wengi hukosea. Mama aliyekasirika huja ofisini na kusema, "Nataka baba yake afutwe kabisa." Hasira yake ni ya haki, na hakuna mwenye moyo atakayeilaumu. Lakini amri inayofuta haki hufuta na wajibu. Baba anayefutwa kabisa, na pasiwepo mtu mwingine wa kuchukua nafasi yake, amepewa alichokuwa akikitafuta siku zote: kuondokewa na mzigo, tena kwa muhuri wa mahakama. Mtoto naye hubaki na mzazi mmoja, na deni lake la miaka mingi limefutwa bila ya yeye kulipwa hata senti. Kwa ajili hiyo si busara kuyafunga mamlaka ya mzazi kabisa isipokuwa pale ambapo yuko mwingine amesimama tayari kuyachukua.

Wapo wanaosema tuige Marekani, ambako mahakama inaweza kukata haki za mzazi kwa shauri linalosimama peke yake. Kweli wanayo njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 1997 inazitaka serikali za majimbo kufungua shauri la kukata haki za mzazi pale mtoto anapokuwa amekaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini hata huko, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1982, katika shauri la Santosky na Kramer, kwamba haki hizo haziwezi kukatwa mpaka uwepo ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, siyo ule wa kuzidiana kidogo tu katika mizani. Tajiri mwenye maofisa wengi, wanasheria wengi na nyumba nyingi za malezi ameona haja ya kujihadhari. Sisi ambao wilaya nzima huweza kuwa na maafisa ustawi wachache tu tunahitaji hadhari zaidi.

Pendekezo letu basi ni la katikati, na tunaliweka mbele ya wenzetu walijadili. Sheria yetu iongezwe amri ya kusimamisha mamlaka ya mzazi aliyetelekeza. Si kuyakata, bali kuyasimamisha. Mlezi anayeishi na mtoto aweze kuiomba mahakama ya watoto iliyo karibu naye, bila ya gharama, akithibitisha kwamba mzazi hakumtunza wala kuwasiliana na mtoto kwa miaka miwili mfululizo bila ya sababu. Tangazo litolewe katika gazeti na katika ofisi ya kata ya mahali pa mwisho alipojulikana kuishi. Afisa Ustawi wa Jamii afike nyumbani na kuandika taarifa. Mtoto mwenye umri wa kueleza asikilizwe. Amri ikitoka, mlezi awe na uwezo kamili wa kusaini kwa niaba ya mtoto katika shule, hospitali na uhamiaji, na mzazi aliyesimamishwa asiwe na sauti juu ya mali ya mtoto wala mafao yake. Lakini deni la matunzo liendelee kuhesabika. Na mzazi huyo akirejea, akalipa, akaonyesha kwa vitendo kwamba amebadilika, aweze kuiomba mahakama imrudishie.

Atakayesema kwamba miaka miwili ni michache na aitazame Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo inautambua utoro wa makusudi wa miaka mitatu kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Inamwondolea mlalamikaji hata sharti la kupita Baraza la Usuluhishi pale ambapo ametelekezwa na hajui mwenzake alipo. Na mtu asiyesikika kwa miaka mitano kwa wale ambao wangepaswa kumsikia, huweza kudhaniwa kuwa amefariki. Kama sheria inamhesabia mume au mke siku za kutokuwepo, itakuwaje isimhesabie mzazi? Mtu mzima aweza kungoja. Kwa mtoto wa miaka minne, miaka miwili ni nusu ya maisha yake.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo halihitaji Bunge wala sheria mpya. Ni kupanga malezi ya mtoto mapema, wakati sisi tukiwa hai na wazima.

Jambo la kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Bila ya cheti, mtoto hana pa kusimama mbele ya ofisi yoyote, na ugomvi wa nani ni mzazi huanza upya kila mara. Palipo na ubishi juu ya uzazi, sheria ya mwaka 2009 inamruhusu mama, mtoto au mlezi kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Mzazi anayelea peke yake asisubiri mpaka mtoto afike darasa la saba ndipo aanze kutafuta cheti kwa kukimbia-kimbia.

Jambo la pili ni wosia. Watumishi wengi huogopa kuandika wosia, wakidhani kwamba kuutaja ni kukiita kifo. Kifo hakiitwi wala hakifukuzwi kwa karatasi. Chini ya Sheria za Mila za mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Na wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini huandika na kutunza wosia za wananchi. Ndani ya wosia huo mzazi ataje kwa jina mtu anayetaka amlee mtoto wake, amtaje na wa pili endapo wa kwanza atashindwa, na aeleze kwa nini. Kama mzazi mwingine ametelekeza, aeleze hilo kwa utulivu, na tarehe, na aambatanishe risiti za ada, kadi ya kliniki na barua zisizojibiwa. Wosia haumfungi hakimu mikono, maana yeye atapima maslahi ya mtoto. Lakini hakimu mwenye wosia mbele yake anajua alichokitaka marehemu, na hakimu asiye nao hubaki kusikiliza makelele ya matangani.

Jambo la tatu ni kutenganisha kulea na kushika fedha. Mara nyingi mtu mmoja hupewa yote mawili kwa sababu tu alikuwa wa kwanza kusema katika kikao. Msimamizi wa mirathi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Mlezi kazi yake ni kumkuza mtoto. Shangazi mwenye upendo aweza kuwa mlezi bora na asiwe mjuzi wa hesabu. Mjomba mwenye hesabu safi aweza kuwa hana nafasi nyumbani mwake. Kila mmoja apewe lile aliwezalo, na mmoja amwangalie mwenzake. Mtumishi wa umma akague pia majina ya wategemezi wake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Wapo waliojaza fomu za mifuko ile ya zamani wakiwa makapera, wakaoa, wakazaa, wakaachana, na jina la mtoto halimo mahali popote.

Jambo la nne ni kuwauliza wanaohusika. Mlezi hatajwi kwa siri kama mtu anayetegewa mtego. Akae chini na mzazi, aulizwe, akubali, na ajue nyaraka ziko wapi. Na mtoto naye, akiwa na umri wa kuelewa, aambiwe kwa maneno mepesi ni kwa nani angekwenda. Yatima hadeki, wamesema wahenga. Lakini yatima aliyepangiwa njia angalau hapotei njia.

Tunajua kwamba yapo mapingamizi. Wapo watakaosema kwamba damu haifutiki, na kwamba hakuna mahakama inayoweza kumfanya baba asiwe baba. Wasemayo ni kweli, wala hakuna anayependekeza kuifuta damu. Mtoto ana haki ya kulijua jina la baba yake na ukoo wake hata kama baba huyo ni mtu asiyefaa. Dini ya Kiislamu kwa mfano haikubali kuasili kwa namna inayobadili nasaba ya mtoto, lakini inamsifu anayemlea yatima, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe unautaja ulezi huo wa Kiislamu, yaani kafala, kuwa mojawapo ya njia za kumhifadhi mtoto. Nasaba ni ukweli wa kuzaliwa. Mamlaka ni kazi ya kila siku. Mtu aweza kubaki na la kwanza huku amekwisha kulipoteza la pili.

Wengine watasema kwamba umaskini ndio unaowakimbiza akina baba, na kwamba kumsimamisha mtu kwa sababu ya umaskini ni dhuluma. Hatukubaliani na wanaomwadhibu mtu kwa ufukara wake, na ndiyo maana tumesema neno "bila ya sababu". Lakini bibi anayebaki na wajukuu watano kijijini naye ni maskini, tena kuliko huyo aliyeondoka, na hakukimbia. Wala umaskini hauzuii salamu. Na yule anayerudi mtoto akiwa mkubwa ili apokee mahari, au afe mama ili achukue mafao, huyo hakukimbizwa na umaskini. Huyo ni mnyonyaji, anayetaka kuvuna pale ambapo jasho ni la wengine.

Basi tuanze na yale yaliyo mikononi mwetu. Mwalimu mkuu anayekuta nafasi ya mzazi imeachwa wazi asiipite kimya; aandike jina la mlezi halisi na uhusiano wake, ampeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na atunze kumbukumbu, kwa maana daftari la shule linaloonyesha ni nani aliyefika katika kila mkutano wa wazazi kwa miaka saba ni ushahidi ambao hakuna wakili atakayeukanusha kwa urahisi. Mtendaji wa kata anayeombwa barua ya utambulisho wa mlezi asimzungushe bibi wa watu kwa wiki tatu. Afisa utumishi anayeletewa amri ya matunzo dhidi ya mtumishi asiifiche kwenye droo kwa kuwa mhusika ni rafiki yake wa kunywa naye kahawa. Hakimu anayesikiliza shauri la mirathi aulize, kabla ya kuuliza juu ya nyumba na shamba, watoto wako wapi na wanalala kwa nani.

Na kila mmoja wetu mwenye mtoto, awe wa kumzaa au wa kumlea, ajiulize jioni ya leo: nikiondoka ghafla, ni nani atakayeweza kusaini kesho asubuhi ili mwanangu atibiwe? Jina hilo kama limo kichwani tu, halijaandikwa popote, basi kazi haijafanyika. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kupanga ni sehemu ya kulea.